Naomba ushauri: picha za infraredi za magofu ya Kilwa Kisiwani zinatoka nyekundu na hazionekani vizuri

Mwana wa Masoko
Wakuu, habari zenu. Nipo Kilwa Masoko. Babu yangu mzaa mama kazikwa Kisiwani na magofu yale nayajua tangu utotoni. Kinachoniuma ni mimea. Masika ikiisha, juu ya kuta za Msikiti Mkuu kunachipua miche, mizizi inaingia kwenye chokaa iliyoshika mawe ya matumbawe, na jiwe linalegea taratibu. Kwenye picha ya kawaida mche mdogo unapotelea kwenye weusi wa ukuta, huuoni.

Nikasikia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, inaonyesha majani mabichi meupe pee. Nikanunua filta ya nanomita 720, inayopitisha infraredi, nikaifunga kwenye kamera yangu ya kawaida, Jumamosi nikavuka mapema asubuhi. Picha zote nyekundu kama damu, zimefifia, na katikati kuna duara jeupe. Kosa ni la filta au kamera? Au nitafute kamera ya joto?

Fundi Lenzi
Mkuu, filta yako nzima. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, huona infraredi hadi karibu nanomita 1,100, ila kiwandani huwekewa kioo cha kuizuia. Kwako inapenya kidogo tu. Hakikisha hivi: elekeza rimoti ya TV kwenye lenzi, bonyeza kitufe, utazame skrini. Ukiona kitaa chake kinawaka, kamera inafaa.

Sasa unahitaji tripodi na subira. Anza na sekunde 30 kwa f/8, yaani kipimo cha tundu la lenzi. Lenga kabla hujafunga filta, zima fokasi ya otomatiki, kisha sogeza ringi kidogo upande wa karibu, maana infraredi haikutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida nyuma ya lenzi. Lenzi za zamani zina alama nyekundu ya kazi hiyo. Lile duara linatokana na lenzi yenyewe, na ukifunga tundu kupita f/8 linazidi. Likigoma, badilisha lenzi.

Wekundu usikuogopeshe. Piga RAW (faili ghafi la kamera), pima weupe kwenye majani ili kamera iyachukue kama rangi nyeupe, ukifika nyumbani geuza iwe nyeusi na nyeupe. Na nenda mchana, jua likiwa kali.

Binti Mingoyo
Kamera ya joto achana nayo kwa hili. Ile inapokea mawimbi ya mikromita 8 hadi 14, inakuonyesha ukuta una joto kiasi gani. Wewe unataka mwanga wa jua unaorudishwa na majani, na hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Kijana wa Lindi
Hiyo infraredi haiwezi kuonyesha nyufa zilizo ndani ya ukuta?

Fundi Lenzi
Hapana. Haipenyi jiwe. Inaonyesha jani, na jani ndilo linakwambia mzizi upo wapi.

Mzee wa Mikindani
Mwanangu, kazi yako njema. Kabla ya kuvuka pitia ofisi inayosimamia magofu hapo Masoko, uchukue kibali na ueleze unachofanya. Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na yalitolewa humo 2014 baada ya watu kutoa jasho. Usipande ukutani. Na ukiuona mche usiung'oe, nakusihi. Mzizi ukivutwa unatoka na chokaa yake, pengine na jiwe. Wape picha wenye kazi yao.

Mwana wa Masoko
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nisingewaza hilo la kung'oa, na kweli nilishashika mmoja mkononi.

Mwana wa Masoko
MREJESHO: Nimevuka leo na kibali. Saa sita mchana, sekunde 30, f/8. Mawe yametoka ya kijivu, anga jeusi, minazi ya nyuma myeupe kama imemwagiwa unga. Upepo wa bahari umeyachezea majani yakawa kama pamba, lakini yanahesabika. Sehemu niliyodhani ina kichaka kimoja ina miche tisa. Mmoja umeota juu kabisa ya tao, una majani manne tu, na chini yake plasta imeachana na jiwe upana wa kidole.

Nimepima hatua kutoka kwenye nguzo hadi miguu ya tripodi na kuziandika, ili masika ijayo nisimame palepale. Kesho asubuhi napeleka picha ofisini.