Nipimeje msongo wa mashindano kwa wanariadha wenye ulemavu?

Kocha wa Kasarani: Wadau, hamjambo. Nafunza wanariadha sita, wawili wasioona kabisa (daraja la T11), wengine wa viti vya magurudumu. Jumamosi mmoja wa hao wasioona alitapika kabla ya mita 400, nami sikuwa nimeona dalili yoyote. Imeniuma sana. Nina dodoso la ACSI-28, la kupima jinsi mwanariadha anavyokabili shinikizo: maswali 28, kila jibu alama 0 hadi 3. Litafaa?

Saikolojia Michezoni: Litafaa, ila usiwasomee wewe. Anayesomewa na kocha wake hujibu kumpendeza, hasa penye maswali ya kupokea maelekezo. Acha simu iwasomee. Na usitegemee mapigo ya moyo: aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, moyo wake haupandi kama wa wengine hata akiwa na hofu.

Mbio Gizani: Kocha, mimi pia ni T11. Hofu yangu kubwa ni kamba inayoniunganisha na mwongozaji ninayekimbia naye. Mwongozaji akibadilishwa asubuhi ya mbio, tumbo linachafuka. Muulize hilo kwanza.

Kocha wa Kasarani: Ndivyo ilivyokuwa! Mwongozaji wake alikwama kwenye jam ya Thika Road, nikampa mwingine. Nampigia jioni hii.