Barua za Babu kwenye kopo la biskuti

UKOO WA NGAMIANI 🌴

Zainabu: Asalaam aleikum wote. Jamani kumbe lile kopo la biskuti la Bibi ndani mna barua za Babu za Keya, lile jeshi la Mwingereza la KAR!! Ziko 4, penseli tupu, herufi za Kiarabu ila Kiswahili. Picha hizo hapo juu

Bakari: Waleikum salaam. Kumbe Burma alienda kweli? Mi nikajua stori za baraza

Mjomba Rama: Stori gani we mtoto. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki hiyo, 1944 wanamsukuma Mjapani bonde la Kabaw, mvua hata magari hayapiti. Ngojeni nivae miwani

Mjomba Rama: Haya. Salamu nusu ukurasa, kwa mama, kwa majirani, mpaka kwa mwalimu wa chuo. Kisha auliza ule mnazi wa kisimani umezaa au bado. Kisha asema mvua ya huku haina adabu, viatu vinaota ukungu vikiwa mguuni. Halafu pana tundu

Bakari: Panya

Mjomba Rama: Panya gani akata mraba? Mkasi huo. Barua za askari zilisomwa kwanza na wakubwa, ukitaja mlipo panakatwa

Zainabu: Sa mi naona tuziweke mtandaoni. Wenzetu Ulaya wana ile Europeana ya vita ya 1914-1918, watu wamebeba barua na shajara za babu zao zikaskaniwa hapohapo mtu karudi na zake nyumbani

Shangazi Mwanaidi: Hapana

Shangazi Mwanaidi: Kaandikiwa mama yangu hakuandikiwa mtandao

Mama Swalehe: Hapo Shangazi ana haki yake mwaya, mume na mkewe hao

Zainabu: Shikamoo Shangazi, nakuelewa, ila ukitafuta vita vya hapa kwetu Tanga Novemba 1914, Waingereza walivoshuka Ras Kazone nyuki wakawavamia, unakuta shajara za maofisa tuu, na mmoja wao Meinertzhagen wanahistoria washamshika kaiandika upya baadae ajipambe. Wale wapagazi waliotuachia jina la Kariakoo, upande wa Mwingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000, barua ya hata mmoja mi sijaiona. Na sie tunazo 4 zinakaa na vifungo

Bakari: Nyuki wa Tanga hawana mswalie mtume 😂

Mjomba Rama: Skanini lkn MSIBANDIKE SELOTEIPU. Hati ya shamba letu ilibandikwa ikageuka njano wino ukang'oka nayo. Na si mifuko ya plastiki, joto hili la pwani inatoa jasho, bahasha ya karatasi basi

Shangazi Mwanaidi: Marahaba Zainabu. Huo mnazi mama alimjibu umezaa

Shangazi Mwanaidi: Na ulishakauka zamani. Alikuwa akitusimulia acheka mwenyewe, asema mtu yuko vitani nimpe na msiba wa mnazi?

Mama Swalehe: Ya Rabi 🥹

Shangazi Mwanaidi: Hiyo ya mnazi wekeni, majina ya majirani yafuteni wana wajukuu hapa mjini. Ya tatu mtu asiiguse

Mjomba Rama: Ya tatu nimesoma mistari miwili nikavua miwani 🙈

Bakari: Mjomba tuma voisi

Shangazi Mwanaidi: Bakari!!

Shangazi Mwanaidi: Zainabu kopo langu kesho kabla ya adhuhuri, vifungo vya baibui vimo humo nimevihesabu