Naomba ushauri: 720p au 1080p (vipimo vya ukali wa picha; 1080p ni kali zaidi) kwa video ya harusi?

Wakuu, nina video ya harusi hapa Mikindani: dakika 40, 1080p, takriban GB 5. Ndugu wa Newala na Nachingwea wanaisubiri, wengi kwa simu za zamani. H.265, mbinu mpya zaidi ya kubana video, ingepunguza ukubwa karibu nusu, lakini simu zisizo na chipu ya kuisoma hukwamisha picha au hutoa sauti tupu. Kwa hiyo nabaki na H.264, mbinu ya zamani zaidi, ndani ya faili la MP4, kupitia HandBrake (programu ya kubadili video), sauti kwa mfumo wa AAC.

WhatsApp nitaituma kama dokumenti, maana ikienda kama video hubanwa tena na nyuso zinavurugika. Nyuso ndizo zinazotakiwa! Kikomo ni GB 2.

Sehemu ya ngoma ina mwendo mwingi, inakula ukubwa. Nishuke 720p kwa RF 22 (kipimo cha ubora ndani ya HandBrake; namba ndogo ni ubora zaidi na faili kubwa zaidi), au nibaki 1080p kwa RF 26?