Nguo zote zinanipwaya baada ya kupungua, nifanye nazo nini?

Mwanzisha mada:

Habari za humu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu. Tangu mwaka jana nimepungua kilo nyingi tu kwa mazoezi na kubadili ulaji, namshukuru Mungu afya imekaa vizuri, sasa kazi iko kabatini. Karibu kila nguo inanipwaya, suruali za kazini nazifunga mkanda mpaka kiuno kinajikunja mbele, makoti ya baridi ndo kabisa nikivaa naonekana nimeazima. Nyumba yenyewe chumba na sebule, stoo hakuna. Mume wangu anasema gawa zote leo leo tupate nafasi, dada yangu nyumbani anasema nimfungie nimtumie, rafiki yangu wa kazini anasema nisiguse kitu maana kilo huwa zinarudi. Mi kila nikifungua kabati nabaki naangalia tu kisha nafunga. Nyingine nilizinunua kwa kujinyima wakati nafika huku ughaibuni, kuzitoa inauma. Waliopitia haya mlifanyaje?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, kupungua kwa jasho lako mwenyewe si kazi ndogo. Mi ni fundi cherehani, nilishona nyumbani miaka mingi na hata huku jioni nikitoka kazini napunguzia watu nguo, kwa hiyo nakujibu kifundi.

Kwanza saizi ya kwenye lebo isahau, na bei uliyonunulia isahau pia. Angalia mabega. Vaa kila nguo ya juu, simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, tazama mshono wa bega unaishia wapi. Ukiishia juu ya mfupa wa bega au ukapita kidogo tu, nguo hiyo inaokoleka hata kama tumboni inapeperuka, kwa sababu kupunguza ubavuni ni mshono mmoja huku na mmoja kule, fundi anamaliza haraka na gharama yake ni ndogo. Lakini mshono ukiwa umeteremka kwenye mkono vidole viwili na zaidi, hapo muage. Kupunguza bega maana yake unafumua mkono mzima, unachonga upya shimo la mkono, unachonga na mkono wenyewe ili uingie kwenye shimo jipya, na kama ni koti la suti ndani kuna bitana, kuna pedi za bega, kuna kitambaa kigumu kinacholipatia koti umbo lake mbele, vyote hivyo vinaguswa. Yuko fundi anayeweza, ila malipo yake mara nyingi yanakusogeza karibu na bei ya koti lingine, na bado halitakaa kama lilivyotoka kiwandani. Watu wananiletea makoti ya hivi nawarudisha nayo, sitaki mtu atoe hela yake halafu aje alitundike tu.

Ila usikimbilie kwa fundi wiki hii. Subiri uzito utulie, ukae miezi kadhaa haupandi haushuki ndo upeleke. Huyo rafiki yako wa kazini hajakudanganya, wengi wanaopungua hurudisha sehemu ya kilo ndani ya miaka inayofuata, na wala si uvivu, mwili uliopungua unatumia nishati kidogo kuliko ulivyokuwa na njaa inakuwa kali zaidi, kwa hiyo inabidi mtu apambane nao muda mrefu. Pale ninapotofautiana naye ni kwenye kuweka kabati zima. Weka seti moja tu ya saizi ya juu, suruali moja nzuri, mashati mawili, kitu kimoja cha heshima cha kuvaa kwenye shughuli, zifunge juu ya kabati, basi. Zikirudi kilo utakuwa na pa kuanzia, zisiporudi hujapoteza nafasi. Na wakati unasubiri uzito utulie, nunua suruali mbili za kazini zinazokutosha sasa hivi, hata za mtumba, usiende kazini umejifungafunga, maana mtu aliyevaa nguo inayompwaya siku nzima kazi yake ni kuipandisha.

Haya tuje kwenye suruali. Za kitambaa zina mshono wa nyuma katikati, kuanzia kiunoni mpaka chini ya makalio, hapo ndipo tunapopunguzia. Sentimita 5 zinatoka bila tabu, 7 inawezekana kutegemea suruali, ukizidisha hapo mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana na mshono wa pembeni unavutika kuja nyuma, ukivaa unaona kabisa mguu umepinda. Jinzi ni ngumu kidogo kwa sababu mkanda wake wa kiunoni umeshonwa mara mbili na nyuma kuna kile kipande kilichoungwa kwa mshale, inabidi mkanda ufumuliwe katikati ukatwe urudishwe. Inafanyika. Yule anayekwambia atakukunjia tu pembeni kwa haraka mkimbie, itakuachia donge kiunoni. Sketi ndo rahisi kuliko zote.

Na jambo hili mwambie fundi yeyote kabla hajawasha mashine, mwambie asikate kitambaa kinachobaki ndani. Akunje, apige pasi, aache. Kile kitambaa ndo akiba yako, ukiongezeka siku moja anafumua mshono tu nguo inarudi. Wengi wanakata ili ndani papendeze, halafu mteja akirudi hakuna tena cha kuachilia.

Nguo za baridi ndo zinazowatesa watu wa huku kwa sababu ni za bei na nyumbani hatukuzizoea, kwa hiyo nazielezea kidogo. Jaketi la manyoya lile lenye mistari mistari, kila mstari ni kimfuko kimejazwa manyoya, ukikata ubavuni umefungua vimfuko vyote kwa mpigo, manyoya yanatoka na hata ukishona yanaendelea kuchungulia kwenye matundu ya sindano. La mvua lisilopitisha maji mishono yake imebandikwa utepe kwa ndani, kila tundu jipya la sindano ni mlango wa maji mpaka ubandikwe utepe tena. Ngozi nayo tundu la sindano halifi, ukifumua alama inabaki milele. Kwa hiyo hizo tatu kama hazikutoshi usipeleke kwa fundi wa kawaida. Sweta la kufuma nalo ukilikata linafumuka, linataka ovaloki, ile mashine inayofunga kingo zisifumuke. Na wale wanaosema sweta la sufu lioshe kwa maji ya moto lipungue, ni kweli litapungua, ila utakapolitoa hujui limepungua wapi, mikono inaweza kuwa mifupi na kifua bado kipana, na likishagandamana halirudi nyuma. Poliesta ndo hata usihangaike, maji ya kufulia hayaifanyi kitu cha maana.

Lakini koti lako kubwa la baridi usiligawe mpaka uwe umeshika lingine mkononi. Nasema hivi kwa sababu watu wanagawa kiangazi wakiwa na furaha ya kupungua, baridi inaingia ghafla na wao hawana kitu, na mtu aliyepungua husikia baridi zaidi kuliko zamani, mafuta yaliyokuwa yanamkinga yamepungua. Koti kubwa kupita kiasi halihifadhi joto vizuri, hewa baridi inaingia kwa chini na shingoni, kwa hiyo vaa sweta nene ndani na ufunge kiuno vizuri, likuvushe mpaka upate la saizi yako. Mwisho wa msimu maduka mengi hupunguza bei za makoti, hapo ndo pa kuvizia.

Kingine watu hawakifikirii, pete. Vidole navyo vinapungua, na kwenye baridi vinapungua zaidi, unavua glavu pete inatoka nayo hujasikia. Kama yako inazunguka kidoleni peleka kwa sonara sasa hivi, hii usisubiri uzito utulie. Viatu pia vijaribu upya, miguu ya wengine inapungua upana. Na sidiria pima upya mzunguko wa chini ya kifua, ikilegea mgongoni haikubebi tena.

Na kwa yeyote anayesoma hapa ambaye nguo zinampwaya na hajafanya diet wala mazoezi, ndugu yangu nenda kwa daktari kwanza, nguo baadaye. Madaktari wanachukulia kwa uzito mtu akipoteza kama asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, yaani mtu wa kilo 80 akipungua 4 tu na hajui kwa nini. Tukiwa huku peke yetu hakuna mama wa kutuangalia usoni na kusema mbona umekwisha.

Mdau mwingine:

Fundi umemaliza, mi naongezea upande wa kuuza na kutuma. Dada ukitaka kuuza mtandaoni usiandike saizi tu, kila nchi ina hesabu zake, koti la suti la kiume la 50 Ulaya bara ni 40 Uingereza na Marekani, mnunuzi anachanganyikiwa mnarudishiana mzigo. Laza nguo mezani, pima kwapa hadi kwapa, pima kiuno, pima urefu, andika kwa sentimita, piga picha mchana karibu na dirisha na kasoro ionyeshe wazi.

Kutuma nyumbani ongea na dada yako vizuri kwanza, mwambie akutumie vipimo vyake. Begi la ndege mara nyingi mwisho kilo 23, koti moja la baridi linakula nafasi ya magauni kibao na kama kwao ni joto atalifanyia nini. Tuma nyepesi zinazomtosha kweli. Za kupeleka kwenye masanduku ya msaada fua ukaushe kabisa, nguo moja mbichi inaozesha mfuko mzima, viatu vifunge pamoja kamba kwa kamba visipotezane, na makoti yapeleke kabla baridi haijaanza wakati watu wanayahitaji. Zilizochanika usiwape kama nguo, uliza kama wanapokea matambara. Halafu tafadhali sana pekua mifuko yote, hata ule mdogo wa ndani ya koti. Makoti yetu haya ndo tuliyozunguka nayo kwenye maofisi, humo kuna vitambulisho, risiti, karatasi za benki zenye majina na anwani.

Mwanzisha mada:

Asanteni sana jamani, fundi nimesoma mara mbili na mume wangu nimemsomea. Nimepima mabega jana usiku, makoti mawili yameanguka, blauzi nyingi ziko salama. Ila kuna suti moja, niliivaa kwenye interview ya kazi yangu ya kwanza huku. Bega limeteremka kweli, ila mkono unakataa kuitoa. Hiyo nayo ndo niigawe?

Jibu:

Hiyo weka mdogo wangu. Niliposema muage nilikuwa naongelea nguo za kuvaa, hiyo sasa ni kumbukumbu na kumbukumbu haipimwi bega. Weka moja, si kumi. Peleka ikasafishwe kwanza, nondo wanafuata jasho na mabaki ya chakula kwenye sufu, ukiiweka chafu utaikuta imetobolewa. Itundike kwenye hanga pana lenye mabega, hanga la waya litaichongoa. Ifunike kwa mfuko wa kitambaa, ile nailoni ya dobi itoe maana inafungia unyevu. Hii ya kuweka muda mrefu usiingize kwenye mifuko ile ya kunyonya hewa, ukiitoa mabega na kola vimevunjika. Mifuko hiyo tumia kwa mablanketi na nguo za pamba.

Halafu suruali ya hiyo suti au kama ni sketi, usiiache ifungwe bure. Chini hakuna bega. Geuza nje ndani uangalie mshono wa nyuma, kisha vaa, mwambie mume wako abane kitambaa kinachozidi kwa nyuma kiunoni kwa pini mpaka uone imekukaa, ukivua pima palipobanwa ni sentimita ngapi, pima na upana wa mapaja kwa sababu kiuno kikipungua 6 na paja likabaki lilivyo itakaa kama puto. Niandikie hapa namba zote mbili na kitambaa ni cha aina gani, kwenye lebo ya ndani wameandika, nitakwambia kama inafaa au niseme iache ilivyo.