Tupeane uzoefu: mzazi mzee akae na nani, na huyo anaekaa nae apumzike lini?

Mwanachake
Assalaam alaykum wenzangu. Mama yetu yuko Chake Chake, Pemba, kiharusi kimemchukua upande wa kulia. Anaemuuguza ni mdogo wetu wa mwisho, alirudi nyumbani baada ya kuachwa. Sisi wengine tuko Unguja na Dar. Baada ya Idi tunakutana, na mikutano yetu naijua: kaka mkubwa atafungua kwa dua, atasema mama ni mmoja, dada atalia, tutachangishana, kisha kila mtu na boti yake. Mdogo wetu anabaki palepale.

Naomba mliopitia mseme mlifanyaje hasa. Habari ya pepo kuwa chini ya nyayo za mama tunaijua tokea chuo cha Kurani, haina haja kurejewa hapa.

Bi Ukili
Waalaykumu salaam. Mie ndie huyo mdogo wenu, ila wa Wete. Mama kalala miaka, mwaka juzi Mungu akampumzisha. Watu wakija kumtazama wakiniambia "hongera, una radhi za mama wewe." Radhi nilizitaka kweli, lakini na usingizi nao nilikuwa nautaka.

Alfajiri nishainjika maji. Kisha kumgeuza. Asiyewahi kumgeuza mtu mzima hajui: kanga unaikunja kwa urefu, unaipitisha chini ya kiuno, goti lako moja liko juu ya kitanda, unavuta upande wako polepole, na muda wote unamzungumzisha ili asijione anabebwa kama gunia. Unamsafisha, unampangusa mpaka akauke, unamtandikia. Uji kijiko kwa kijiko, mara nyengine bakuli moja mpaka watoto wameshakwenda skuli na wengine wanarudi. Hapo hujafua.

Kaka zangu wakituma, siwasingizii. Lakini mmoja akitaka hesabu. Pampasi pakti ngapi, mbona mwezi huu zimezidi. Nikamjibu tumbo la mama halina daftari.

Mwaka ule mikarafuu ya marehemu baba ilipozaa vizuri wote walikuja. Mchumo mzima nyumba imejaa, usiku watu wamekaa jamvini wanachambua makonyo, kicheko mpaka kwa jirani, na mama mwenyewe amechangamka. Karafuu zikaanikwa, zikapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, pesa zikagawiwa. Nikapata fungu la mtoto wa kike, nusu ya la kaka. Sheria ya Mungu siigombi. Ninachosema ni kuwa katika watu wote wale, hakutoka hata mmoja akaniambia, "Nenda zako Unguja wiki moja, sisi tupo."

Mtu wa Kojani
Pole sana Bi Ukili. Kwetu alikuwa baba, na maradhi yake ni kusahau. Mwili mzima, nguvu anazo, hiyo ndiyo tabu. Alikuwa mvuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi pwani za mbali, pwani yote mpaka Kenya anaijua. Sasa usiku wa manane anaamka, anajifunga kikoi, anatafuta taa, anataka kutoka. "Wenzangu wananingoja pwani."

Mwanzo tukimbishia. "Baba, wewe huvui tena, umezeeka." Anakasirika, analia, tena mara moja alimpiga mke wangu. Siku moja mjomba alilala kwetu, akamsikia, akamwambia tu, "Shemegi, leo mwezi mpevu, dagaa nani atawapata?" Baba akatoka kibarazani, akautazama mwezi, akasema "Kweli bwana," akarudi kulala. Tukaijua dawa. Siku za giza ndio kazi, maana akitazama juu anaona mwenyewe kuwa ni siku za kutoka. Hapo tunamwambia kusi limechachamaa, mashua zote zimefungwa.

Mtaniambia ni uongo. Sawa, lakini nyumba inalala. Na komeo la mlango tulilipandisha juu kabisa, halitafuti huko.

Binti Michenzani
Mie nataka kuwaambia wale wanaosema "mlete mjini, tatizo limekwisha." Nilimleta bi mkubwa kutoka Micheweni nikamweka kwangu kwenye majumba ya Michenzani. Chumba chake, feni yake, televisheni. Hakukaa. Ngazi hawezi kushuka, basi anashinda dirishani anatazama gari. Kwao akikaa barazani anasuka ukili, kila apitae anampigia hodi, akimaliza siku ana habari za mji mzima. Kwangu mtu wa kwanza kumuona ni mimi nikirudi kazini jioni, na nimechoka. Siku moja kanambia, "Mwanangu, huku hata wa kugombana nae sina." Nikamrudisha. Dada yangu anamuangalia, mimi namlipa binti wa jirani anaemsaidia kufua na kupika. Huyo binti katuokoa kuliko feni.

Baba Watatu
Hamjatutaja sisi waume. Mke wangu alikwenda Mkoani kumuuguza mama yake akanachia watoto watatu, nami nafanya kazi bandarini. Nimesuka nywele za watu mimi! Wali wangu ukoko chini, bokoboko juu. Watu wakiniambia mrudishe mkeo. Nimrudishe yule bibi amuachie nani? Mashemegi watatu wa kiume wapo hapo hapo Mkoani, kila mmoja anasema mambo ya kuogesha mama ni ya wanawake. Kumuogesha, haya, stara ni stara. Na kwenda dukani? Na kukaa nae usiku? Na kufua mashuka?

Nesi Mstaafu
Wanangu, nami niseme machache. Asieweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Ndiyo maana mtu mmoja hawezi kazi hii peke yake, awe na radhi vipi. Tazameni matako, visigino na mgongo kila siku. Mkiona pekundu au pameiva, msipasugue, msipake majivu, muondoeni uzito hapo, na pasipotulia mpelekeni kituo cha afya mapema. Mwenye kiharusi alishwe amekaa, asilishwe amelala, na akianza kukohoa kila akinywa, semeni kwa daktari.

Na kama ametimia 70 aandikishwe pensheni jamii, ile ya wazee inayotolewa na serikali ya Zanzibar. Ilipoanza 2016 ilikuwa shilingi elfu 20 kwa mwezi, baadae ikapandishwa ikawa elfu 50. Haitoshi, najua. Lakini nimeona bibi akipokea hela yake akampa mjukuu nauli kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo nyumba nzima akaiamrisha yeye.

Niko Muscat
Bi Ukili, mie ni kaka wa hesabu, wa nyumba nyengine. Naendesha gari ya watu, nusu ya mshahara inakwenda Pemba, na simu ya nyumbani nikiiona usiku naogopa kuipokea. Nikiuliza pakti ngapi si kuwa nakutuhumu. Sina mlango mwengine wa kuingilia nyumba ile. Pesa ndiyo kitu changu pekee kilichomo, basi ndiyo ninayoulizia.

Bi Ukili
Kakangu, umenituliza. Lakini basi uliza "mama kalalaje?" Na ukimaliza, uliza "na wewe?"

Mwanachake
Ahsanteni sana. Nimeshaandika ya kupeleka mkutanoni. Mchango wa kila mwezi utabaki, na ndani yake mna mshahara wa msichana wa kusaidia. Juu ya hapo zamu, na zamu hazinunuliki. Mie nakwenda skuli zikifungwa. Dada wa Dar atachagua mwezi wake. Kaka mkubwa kastaafu, hana udhuru, yeye na mkewe waanze kabla ya wote. Atanuna, lakini atakwenda, namjua.

Jana nilimpigia mdogo wetu nikamuuliza akipata wiki mbili atazifanyia nini. Kasema atakuja Unguja, atajifungia ndani alale, na nisimwambie mtu yeyote kuwa kaja.

Mama Nesi, godoro la upepo lina faida? Niliagize Unguja lije na boti?

Nesi Mstaafu
Lina faida, ila linataka umeme muda wote, na umeme ukikatika linashuka akalalia mbao. Kwa hiyo godoro la kawaida libaki chini yake. Na kumgeuza ni palepale, mwanangu, msije mkamuachia godoro.