Muhula mmoja Potsdam kusoma filamu na historia: krediti zitahesabiwaje, na mada ya Kongwa itafaa huko?

Chimwaga_2
Wakuu, habari za Dodoma. Naombeni mwongozo kwa wanaoyajua haya mambo.

Mwaka wa pili, shahada ya historia na masomo ya habari, chuo hapa hapa Dodoma. Jina limepita kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Erasmus+, muhula wa baridi, Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani. Lengo ni kusoma filamu, vyombo vya habari na historia kwa pamoja, na kazi kubwa ya muhula iwe juu ya mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, ulivyoonyeshwa kwenye filamu zao. Maswali:

1. Krediti za kule zitaingiaje kwenye matokeo ya huku bila kurudia muhula?
2. Mada ya Kongwa inafanyika nikiwa Ujerumani?
3. Viza na hela, kipi kinakwamisha watu?
4. Kamera inabebwa au inaachwa?

Nkuhungu_Kalamu
Mdogo wangu, hilo la kwanza ndilo linalomaliza watu, acha nianze nalo.

TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inahesabu krediti 1 kuwa saa 10 za kazi, mwaka mzima krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Ulaya wanatumia ECTS, mfumo wao wa krediti: mwaka 60, muhula 30, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Ukipiga hesabu kwa saa haikai sawa, maana ECTS 30 ni saa 750 kwenda juu na krediti zetu 60 ni saa 600. Kwa hiyo hesabu iende kwa muhula: muhula mzima kwa muhula mzima, ECTS 1 sawa na krediti 2 za kwetu. Sasa hilo lisibaki maneno ya mdomo ya mratibu. Liwe kwenye karatasi, limesainiwa na mkuu wa idara, nakala moja unayo wewe.

Karatasi kuu ni mkataba wa masomo. Unasainiwa na watu watatu: wewe, chuo cha hapa na chuo cha kule. Upande mmoja kozi utakazosoma Potsdam, upande wa pili kozi za hapa zinazofutwa kwa sababu ya zile. Kosa la kawaida ni kutafuta kozi zinazofanana jina. Hutazipata. Omba idara ikubali kozi za hiari zifidiwe kwa kifurushi, halafu kozi ya lazima kama mbinu za utafiti uisome hapa kabla au baada. Na weka kozi za akiba mbili tatu, kwa kuwa semina hujaa au hufutwa, na mabadiliko hukubaliwa wiki za mwanzo tu. Yakifanyika, yasainiwe upya na wote watatu. Ukibadilisha kozi kimyakimya, cheti cha matokeo kitakuja na kozi ambazo idara yako haizitambui.

Alama nazo ni mtego. Huku GPA ya 5 ndiyo kilele. Ujerumani 1,0 ndiyo bora kabisa, 4,0 ndiyo mwisho wa kufaulu, 5,0 umefeli. Akikaa mtu wa mitihani ambaye hajaambiwa, 1,3 yako itaonekana balaa. Jedwali la kubadilisha alama liambatishwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Halafu kalenda. Muhula wa baridi unaanza rasmi 1 Oktoba na kuisha 31 Machi, vipindi vyenyewe katikati ya Oktoba hadi mapema au katikati ya Februari. Ila kazi ya maandishi ya semina, Hausarbeit, kurasa 15 hadi 20, mara nyingi hukabidhiwa baada ya vipindi kuisha, na mwalimu naye anachukua muda kusahihisha. Matokeo yanaweza kutoka wakati kikao cha mitihani cha huku kimeshapita. Mwandikie mwalimu wiki ya kwanza kabisa umwombe tarehe ya mapema ya kukabidhi. Wengi hukubali ukiomba mapema, wachache sana ukiomba Februari.

Kama una mkopo wa HESLB, nenda dawati la mikopo chuoni kabla ya kuondoka. Fedha ya kujikimu husainiwa, na isiyosainiwa hurudi Bodi.

Mbuyu_wa_Kongwa
Najibu la pili peke yake.

Kongwa kwa Waingereza, nyaraka zake ziko Uingereza. Mafaili ya Wizara ya Makoloni yapo Kew, mfululizo wa CO 691 ndio wa Tanganyika. Filamu zipo BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, na Imperial War Museum, London. Viza ya Ujerumani haikuingizi Uingereza hata kwa wikiendi, ni maombi mengine na ada nyingine. Kwa hiyo ukienda Potsdam na mada hiyo utashinda mtandaoni, kitu ambacho ungekifanya ukiwa Ng'ong'ona.

Badala yake angalia kilichopo hapo utakapokuwa. Yapo makundi mawili.

La kwanza, enzi ya Mjerumani. Mafaili ya ofisi ya makoloni ya Berlin ni mfululizo wa R 1001 wa Bundesarchiv, jalada la taifa la Ujerumani, Berlin-Lichterfelde, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki unaifungua bure kwenye mfumo wao wa invenio. Picha ziko kwenye mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, nao upo mtandaoni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar 1905 na kufika Kigoma 1914, na Dodoma kama mji imezaliwa na reli hiyo. Mada ipo hapo: reli na Ugogo kwenye picha za Wajerumani. Kikwazo ni mwandiko. Barua nyingi zimepigwa taipu, lakini maoni ya pembeni, ambayo ndiyo utamu wenyewe, yako kwa mkono, mwandiko wa zamani uitwao Kurrent. Hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Anza kuzoea herufi zake miezi miwili kabla.

La pili, na ndilo ningelichagua: Ujerumani Mashariki, yaani DDR. Jalada la redio na televisheni ya DDR liko Potsdam-Babelsberg yenyewe, kwenye Deutsches Rundfunkarchiv. DEFA, shirika la filamu la DDR, lilianzishwa 1946 na studio zake zilikuwa hapo hapo Babelsberg, mahali ambapo filamu zinatengenezwa tangu 1912. Zanzibar ilitambua DDR 1964, na majengo ya Kikwajuni na Kilimani ni matunda ya urafiki huo. Sasa rudi Kongwa: kuanzia 1964 wapiganaji wa vyama vya ukombozi, FRELIMO (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini), SWAPO (Namibia) na MPLA (Angola), walikuwa na kambi Kongwa, na vyama hivyo vyote viliungwa mkono na DDR. Televisheni ya Ujerumani Mashariki ilivionyeshaje? Swali hilo unalijibu ukiwa Potsdam, na bado ni Kongwa.

Ukitafuta kwenye katalogi, andika kwa Kijerumani: Tansania kwa s, Sansibar, Daressalam, Deutsch-Ostafrika, Tanganjika. Ukiandika Tanzania kwa z utapata vitu vichache na utadhani hakuna kitu. Majina ya vyama yaandike kama yalivyo. Ukishapata namba ya faili au ya kipindi, tuma barua pepe ya kuomba kutazama wiki kadhaa kabla, ukitaja namba hiyo, kichwa cha utafiti na jina la msimamizi wako. Barua inayosema "naomba vitu vyote kuhusu Tanzania" itajibiwa kwa kukuelekeza kwenye katalogi uliyotoka.

Shoti_Moja
Mkuu Mbuyu, hapo kwenye kufuta karanga za Waingereza sikuungi mkono moja kwa moja. Kuna tovuti ya colonialfilm.org.uk, ya 2010, ina maelezo ya filamu nyingi za kikoloni na baadhi unazitazama bure. Kwa Hausarbeit ya kurasa 15, filamu mbili zilizochambuliwa shoti kwa shoti zinatosha. Watu wa filamu hawahitaji maboksi ya nyaraka kama nyie wa historia.

Tatizo la wanafunzi wengi ni kusimulia hadithi ya filamu kisha kuita uchambuzi. Tengeneza jedwali: namba ya shoti, inaanza dakika na sekunde ngapi, urefu wake, umbali wa kamera, nani yupo ndani ya fremu, sauti gani inasikika, msimulizi anasema nini. Filamu ya dakika 10 inaweza kukupa shoti 80 au zaidi, ni kazi ya siku mbili au tatu. Baada ya hapo hesabu zinaanza kuongea zenyewe: trekta imepewa sekunde ngapi, Mgogo anayefyeka pori sekunde ngapi, na nani amepewa nafasi ya kusema kitu.

Angalizo moja kubwa. Filamu za habari za miaka ya 1940 kwa kawaida zilipigwa bila sauti, kisha msimulizi, muziki na milio ikapachikwa studio. Ukisikia trekta inanguruma pale Kongwa, usiandike kwamba hiyo ni sauti ya Kongwa. Picha nayo ihoji kwa kuangalia mwaka. Mradi ulianza 1947 ukalenga zaidi ya ekari milioni 3, ukafutwa 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine, mvua zikagoma, na karanga zikakwama ardhini. Filamu ya 1948 inayojaa ushindi inasomwa tofauti kabisa na ya 1950, kwa hiyo tarehe ya kupigwa na tarehe ya kuonyeshwa zote ziwe kwenye ukurasa wako wa kwanza.

Kuhusu kamera: iache. Azima ya chuo, baada ya mafunzo yao mafupi na kusaini fomu ya dhamana. Beba diski mbili za nje. Ukirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni GB 45, diski ya GB 500 inajaa upesi kuliko unavyofikiri. Ujerumani umeme ni hezi 50 kama huku, shata iweke 1/50 na taa hazitapepesa.

Wakikupa warsha ya mkanda wa milimita 16, jua kwamba roli ya futi 100 ni dakika 2 na sekunde 45 hivi kwa fremu 24. Yaani kila sekunde ina bei. Fanya mazoezi ya shoti bila mkanda ndani ya kamera mpaka mwendo ukae, ndipo upakie. Mkanda ambao haujasafishwa usiweke kwenye begi la mizigo la ndege, mionzi ya huko ni mikali. Uwe mkononi, na uombe ukaguliwe kwa mkono.

Area_C_Mratibu
Viza kwa kifupi, maana wenzangu wameshasema mengi.

Omba viza ya kitaifa, aina D. Ile ya Schengen ya siku 90 haigeuzwi ukiwa kule. Ada ni euro 75, mara nyingi husamehewa kama ufadhili wako ni wa fedha za umma. Dodoma kuwa mji mkuu hakujahamisha ubalozi, maombi bado ni Dar. Treni ya SGR inakufikisha kwa saa tatu na nusu hadi nne, ila usipange treni ya asubuhi na miadi ya asubuhi hiyo hiyo. Nenda siku moja kabla.

Uthibitisho wa fedha: asiye na ufadhili hudaiwa akaunti maalum, Sperrkonto, ya euro 11,904 kwa mwaka, sawa na 992 kwa mwezi. Wewe wa Erasmus+ unapeleka barua ya ufadhili inayotaja kiasi kwa mwezi na tarehe za kuanza na kuisha. Posho kwa Ujerumani ni kama euro 850 hadi 900 kwa mwezi. Barua isiyo na tarehe au kiasi hurudishwa, na hapo ndipo wiki zinapopotea.

Posho ya kwanza kwa kawaida huingia ukiwa umeshafika na kufungua akaunti ya benki. Wakati huo huo unadaiwa amana ya chumba, kodi ya mwezi wa kwanza, ada ya muhula na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi chini ya miaka 30 ni kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi. Ukifika, jiandikishe makazi ndani ya siku 14. Bila karatasi hiyo utakwama benki na kwenye kibali cha ukaazi.

Pasipoti ya huku ni shilingi 150,000. Anza nayo leo kama huna, na hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa cha RITA na vyeti vya NECTA.

Chimwaga_2
Asanteni sana wakuu. Mbuyu na Shoti mmenichanganya kidogo kwa uzuri. Naelemea upande wa DDR na kambi za Kongwa. Je, nihoji wazee wa Kongwa kabla ya kuondoka? Na Kijerumani sina, zaidi ya salamu.

Mbuyu_wa_Kongwa
Wahoji, ndiyo. Barua ya chuo ipitie ofisi ya katibu tawala wa wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji, usiende moja kwa moja nyumbani kwa mtu na kamera begani. Ridhaa irekodiwe mwanzoni mwa mazungumzo, ikitaja kwamba sauti itatumika Ujerumani. Kama mzee anataka kusema Kigogo, mwache aseme, tafuta mkalimani baadaye. Rekodi sauti peke yake kwa kilohezi 48, biti 24, na maiki ivishwe manyoya. Upepo wa Kongwa miezi ya Julai na Agosti haubembelezwi.

Kijerumani: kwenye katalogi ya kozi tazama mstari wa Unterrichtssprache, lugha ya kufundishia. Ukiandikwa Englisch, upo salama. Semina nyingi za historia ni Deutsch, kwa hiyo panga mbili za Kiingereza kutoka masomo ya vyombo vya habari na kozi ya lugha yenye ECTS zake. Vipindi vya DDR utahitaji kuvielewa. Mwombe msimamizi akuunganishe na mwanafunzi wa kule anayetaka kujifunza Kiswahili, mkae pamoja mbele ya skrini. Wapo Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt wanafundisha masomo ya Afrika.

Nkuhungu_Kalamu
Na mkataba wa masomo ukibadilika kwa sababu ya mada mpya, rudi kwa mkuu wa idara asaini tena kabla ya Oktoba. Usimtumie picha ya WhatsApp ukiwa Potsdam.