Mnawanunulia watoto mbwa, halafu nani awafunze kumtunza?

Leo nitasema, hata kama majirani zangu wanapita hapa na watajitambua. Wakijitambua ndiyo vizuri.

Jumamosi jioni baba mmoja wa korti yetu (yaani kundi letu la nyumba zenye geti moja) hapa Buruburu, Nairobi, ameshuka garini na katoni. Ndani mna kitoto cha mbwa, tumbo limevimba minyoo, hata kutembea hakijakaa sawa. Kimetolewa kwa mama yake kabla ya wiki nane, hilo halihitaji daktari kulijua. Akamkabidhi mwanawe wa gredi ya sita: "Haya, mbwa wako huyo, mwangalie vizuri." Kisha akaingia ndani kutazama mpira. Mafunzo yakaishia hapo. Na ni baba yule yule ambaye mbwa wake wa kwanza alituletea balaa mwaka jana.

Yule wa kwanza alinunuliwa Desemba kwa wale vijana wanaotembeza watoto wa mbwa kwenye foleni ya magari, wamewabana kwapani. Ati German Shepherd. Pale barabarani wote huwa German Shepherd, ukweli unajulikana wakifika miezi sita. Likizoni watoto wa korti nzima walipigania kumbeba. Shule zilipofunguliwa, mbwa akahamia chini ya tangi la maji, kafungwa kwa waya wa stima. Si mnyororo, waya, tena mfupi hivi kwamba hakuweza kujinyoosha akilala. Sufuria yake ya maji iliota ukijani. Chakula kilikuwa ugali wa jana, siku ukibaki. Yule mwanawe akitoka shule anampiga teke abweke, wenzake wanacheka. Jamaa mmoja wa kidato cha pili akawashauri wamtilie pilipili kwenye chakula ndipo awe mkali. Wakamtilia. Baba mtu alipoambiwa akasema afadhali, wezi watamwogopa, akaenda kuandikisha kibao cha MBWA KALI kwa fundi, akakipigilia getini. Hela ya kibao ilipatikana. Ya chanjo haikupatikana.

Aliyekuwa akimpa maji safi ni Mzee mmoja wa nyumba ya pembeni. Ni Mwislamu, hafugi mbwa wala hamgusi. Alikuwa anasukuma bakuli kwa bakora yake hadi mbwa alifikie. Nilipomuuliza, alinisimulia habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Kwa hivyo wanaotaka kunijibu kwa kisingizio cha dini, zungumzeni na Mzee kwanza.

Waya ulipokatika, msichana mdogo wa nyumba ya tatu alimwona mbwa akakimbia, mbwa akamfuata, akamuuma shavuni. Watoto wadogo wengi huumwa usoni na shingoni kwa sababu ya kimo chao. Shangazi yake akampaka chumvi na mafuta taa. Hakuna aliyefungua mfereji! Jamani, jeraha la mbwa linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakupo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu 59,000 kila mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa Kenya kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi hii hii. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. 2030 ndiyo hiyo mlangoni, na sisi bado tunapaka mafuta taa.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mtoto akiwa bado analia, vijana wa steji ya bodaboda na watoto wetu hawa hawa walimwandama mbwa kwa mawe mpaka wakamuua, wakamtupa jalalani. Mbwa aliyeuma mtu hauawi hovyo hivyo! Anafungiwa mahali salama, anatazamwa siku 10. Zikiisha yu mzima, mnajua hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Akifa, daktari wa mifugo anaarifiwa, na kichwa kinapelekwa maabara kupimwa, na maabara yenyewe iko Kabete, si ng'ambo. Sisi tulimuua shahidi tukamtupa na maganda ya ndizi. Mama wa yule msichana, mtu wa kuuza mitumba soko la Mutindwa, alihangaika na ratiba yote ya sindano bila kujua kama mwanawe yuko hatarini au la. Hospitali ya kwanza ilimwambia chanjo imeisha, akainunua mwenyewe duka la dawa. Mwenye mbwa alichangia neno "pole" kwenye kundi la WhatsApp. Bei ya kuchanja mbwa mmoja na bei ya sindano za binadamu aliyeumwa hata hazikaribiani, ulizeni.

Sasa nasikia yule kijana wa gredi ya sita ndiye analaumiwa, ati ni mkatili. Alifunzwa na nani? Mtoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili anaweza kumtunza mbwa vizuri sana akionyeshwa, lakini kuonyeshwa ni kazi ya mkubwa, tena kila siku. Aonyeshwe kumwaga maji ya jana, kusugua bakuli, kuweka mengine. Afunzwe kupapasa nyuma ya masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe. Ajue mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na inaweza kumtoboa mbwa matumbo. Ajue chanjo ya kichaa hudungwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na kwamba ile ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, huanza mapema zaidi, maana parvo ikiingia kitoto kinahara damu na unaweza kukizika wiki hiyo hiyo. Mbwa jike asipofungwa kizazi, siku kama 63 tu baada ya kupandwa mna vitoto vingine vya kutupwa sokoni usiku. Na kuokota kinyesi ni sehemu ya kufuga, si kazi ya soja wa getini.

Tena afunzwe kumsoma mbwa, jambo ambalo hata wazazi wengi hawalijui. Mara nyingi mbwa haumi bila kutoa taarifa. Anageuza uso, anajilamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anakakamaa, weupe wa macho unaonekana. Watoto wetu wakiona hayo yote wanamkumbatia shingoni wapigwe picha! Mbwa anayekula, anayelala au mwenye vitoto haguswi. Akikujia usiyemjua, simama wima, mikono ubavuni, usimkodolee macho, usikimbie. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kufanya zoezi hilo.

Najua watakaosema mbwa ni mnyama tu na Nairobi ina shida kubwa zaidi. Sawa, basi msinunue! Hakuna aliyelazimishwa. Ila ukishamleta nyumbani, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inasema kumnyima chakula na maji, kumtesa au kumtelekeza ni kosa, na mwenye kosa si mtoto wako wa gredi ya sita.

Sasa kamati ya korti imeitisha mkutano Jumapili saa tisa. Ajenda ya kwanza ni kuchanga pesa za sumu ya mbwa koko, wengi wao wakiwa mbwa waliokuwa na majina miaka miwili iliyopita. Nimemwandikia mwenyekiti kwamba pesa hizo hizo zilete daktari wa mifugo achanje mbwa wote wa korti, na watoto wakae naye saa moja awaonyeshe kwa vitendo. Amenijibu kwa kidole gumba, sijui kina maana gani. Kama kuna korti au ploti upande huu wa Eastlands iliyowahi kufanya hivyo, niambieni mlimpataje daktari, alitoza shilingi ngapi kwa kila mbwa, na waliokataa kuchanga mliwafanyaje. Nataka majibu kabla ya Jumapili.